Chui Milia na Daftari la Serikali

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kupungua kwa chui milia ni mafupi na yanaingia akilini upesi: watu wa Asia wameongezeka, wamekata misitu, wamelima hadi kwenye maskani ya mnyama, na maskini miongoni mwao wamemuua kwa mitego na sumu wapate kuuza ngozi na mifupa. Hakuna kipande cha maelezo hayo kisicho na ukweli. Lakini ukiyapima kwa historia ya India, nchi yenye takriban robo tatu ya chui milia wote waliobaki porini, utaona yameacha jambo kubwa kuliko yote. Katika karne iliyoamua hatima ya mnyama huyu, mwuaji wake mkuu alikuwa serikali. Serikali ndiyo iliyotangaza bei ya kichwa chake, ikalipa, ikaandika malipo daftarini, kisha mwisho wa mwaka ikatoa taarifa na kuihesabu mizoga kuwa ni sehemu ya maendeleo ya wilaya. Sisemi haya ili kuwatakasa wakata miti na majangili wa leo. Nayasema kwa sababu sera nyingi za kumlinda chui milia zinasimama juu ya jibu la swali la nani alimmaliza, na jibu hilo likikosewa, wanaolipa gharama ni wanavijiji ambao hawakuwa na hatia, na mnyama mwenyewe halindwi.

Kabla ya ukoloni hapakuwa na amani kati ya watu na chui milia. Wafalme wa Mughal walimwinda kwa fahari kubwa. Kumbukumbu za mfalme Jahangir zina hesabu ya wanyama aliowaua kwa mkono wake tangu utotoni hadi alipokaribia umri wa miaka 50: zaidi ya 17,000, wengi wao ndege, na miongoni mwao simba na chui milia 86. Wanavijiji nao walitega nyavu na kushika mikuki kila mnyama alipoanza kuchukua ng'ombe au watu. Hata hivyo, uwindaji wa namna zote mbili ulikuwa na mpaka. Mfalme aliwinda ili enzi yake ionekane, kwa hiyo alihitaji wanyama wabaki wa kuwindwa mwaka ujao. Mwanakijiji alilinda zizi na shamba lake, na hatari ikishapita alirudi kwenye kazi zake. Hakuna kati yao aliyekuwa na mpango wa kumfuta chui milia katika nchi nzima, wala uwezo wa kuutekeleza. Mpango huo ulikuja na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, ambayo kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 ilitegemea kodi ya ardhi ya Bengal. Ardhi yenye vichaka haikutoa kodi, na mkulima aliyeogopa kuliwa hakukubali kufyeka vichaka. Kwa hesabu hiyo chui milia aliwekwa upande wa hasara, na fedha za kumwondoa zikawa gharama ya kukusanya mapato.

Palikuwa pia na sababu ya kisiasa. Tipu Sultan wa Mysore, aliyewapiga vita Waingereza hadi alipouawa katika mji mkuu wake, Seringapatam, mwaka 1799, alikuwa amemfanya chui milia kuwa alama ya utawala wake. Katika jumba lake lilikutwa sanamu la mbao la chui milia aliyemlalia mzungu na kumng'ata shingo. Ukizungusha mpini wa ubavuni, mkono wa mzungu huinuka na kushuka, na ndani ya sanamu vyombo vya upepo hutoa mlio wa mnyama na kilio cha mtu. Sanamu hilo lilichukuliwa kama nyara na hadi leo limo katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London. Nishani waliyopewa askari walioshinda ilionyesha simba wa Uingereza amemkandamiza chui milia chini. Kuanzia hapo, ofisa aliyepigwa picha ameweka mguu juu ya mzoga hakuwa anajisifu kwa shabaha peke yake. Picha ile ilimwambia mtazamaji nani anaitawala India.

Utaratibu wa malipo ulikuwa mwepesi. Mwindaji alipeleka ngozi au fuvu kwa ofisi ya wilaya, karani akaandika, fedha zikatolewa, na alama ikawekwa ili kiungo kilekile kisiletwe mara ya pili. Kiwango kilitofautiana kwa jimbo na kwa mwaka, na kilipandishwa pale mnyama mmoja alipojulikana kwa kula watu. Mwanahistoria Mahesh Rangarajan, aliyezipitia taarifa hizo, amekadiria kwamba kati ya mwaka 1875 na 1925 chui milia zaidi ya 80,000 waliuawa katika India ya Waingereza. Takwimu za makarani zina kasoro zake: wapo waliouawa bila kuandikwa, hasa katika nchi za maharaja ambazo hazikuleta hesabu zao, na inawezekana ngozi nyingine zililipiwa katika wilaya mbili. Lakini kasoro hizo haziwezi kubadilisha picha kwa ujumla. Wastani wa wanyama 1,600 kwa mwaka, kwa miaka 50 mfululizo, ni karibu sawa na chui milia wote waliohesabiwa nchini India mwaka 1972. Makadirio yanayotajwa sana, kwamba mwaka 1900 India ilikuwa na chui milia 40,000, hayakutokana na hesabu yoyote ya porini. Hesabu pekee tuliyo nayo kuhusu enzi ile ni ya wafu, nayo imehifadhiwa kwa sababu kila mfu alilipiwa.

Anayetaka kupinga atasema kwamba mikono iliyoua ilikuwa ya Wahindi wenyewe. Ni kweli, wawindaji wengi waliopokea malipo walikuwa wenyeji, wengine wa jamii zilizoishi kwa uwindaji tangu zamani. Lakini hao hawakuwa wapya msituni mwaka 1875. Babu zao walikuwa humo kwa karne nyingi, wakitumia mitego ileile na sumu zilezile, na chui milia alikuwapo tele. Kipya kilikuwa mnunuzi asiyechoka kununua, mwenye ofisi katika kila wilaya. Serikali hiyohiyo, kwa Sheria ya Silaha ya 1878, iliwawekea wenyeji masharti ya leseni ya bunduki ambayo hayakuwabana Wazungu, kwa hiyo mwanakijiji alinyimwa njia ya kujilinda mwenyewe huku akilipwa kuua kwa niaba ya serikali. Wapo maofisa wachache walioonya wakati ule kwamba chui milia hula kulungu na nguruwe mwitu wanaoharibu mazao, na kwamba kumwondoa kungemtia mkulima hasara nyingine. Hawakusikilizwa.

Juu ya malipo hayo kulikuwa na uwindaji wa starehe, ambao ndio uliobaki katika picha na vitabu. Desemba 1911, baada ya sherehe za kutawazwa kwake Delhi, Mfalme George wa Tano alipelekwa kwenye nyanda za Terai nchini Nepal. Mamia ya tembo waliizunguka nyasi ndefu na kuifunga duara, wanyama wakasukumwa kuelekea katikati, wakapigwa risasi kutoka migongoni mwa tembo. Kwa takriban siku kumi msafara wake uliua chui milia 39 na vifaru 18. Weka idadi hiyo kando ya 86 wa Jahangir, waliopatikana kwa zaidi ya miaka 30 na wakiwamo simba. Bunduki ya kisasa, reli iliyofika ukingoni mwa msitu na tembo wa kukodi viligeuza mchezo wa wafalme kuwa kazi ya kiwandani, na maharaja wa Kihindi nao hawakubaki nyuma: yule wa Surguja alidai ameua zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Uhuru wa 1947 haukuleta nafuu yoyote. Leseni za bunduki zilienea, makampuni ya uwindaji yalitangaza safari kwa matajiri wa Marekani na Ulaya, na serikali mpya iliyohitaji fedha za kigeni iliwapokea.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba chui milia kweli aliua watu, na serikali isiyowalinda raia wake haistahili jina hilo. Sitalipuuza. Wanawake waliokwenda kukata majani ya mifugo na watoto wachungaji walikufa kwa mamia kila mwaka, na msiba huo haukuwa hadithi ya kutungwa na maofisa. Ushahidi mzuri zaidi wa kulipima pingamizi hili unatoka kwa mtu aliyeitwa kila mara kuwaua chui milia waliokula watu. Jim Corbett alizaliwa Naini Tal, kaskazini mwa India, mwaka 1875, akahamia Kenya mwaka 1947, akafa Nyeri mwaka 1955 na kuzikwa huko katika uwanja wa Kanisa la Anglikana la Mtakatifu Petro. Chui milia wa kwanza aliyeitiwa, jike wa Champawat aliyempiga mwaka 1907, alihesabiwa kuwa ameua watu 436, 200 kati yao nchini Nepal kabla hajavuka mpaka. Corbett alipomfunua kinywa aliona chonge, yale meno marefu ya kuulia, yamevunjika upande wa kulia: la juu limekatika nusu, la chini limekwisha hadi kwenye mfupa. Yalikuwa majeraha ya risasi ya zamani. Mnyama aliyeshindwa kumwua kulungu aligeukia kiumbe mwepesi wa kukamata, na hali ya namna hiyo, jeraha la bunduki au la miiba ya nungunungu, aliikuta kwa wanyama wengi kati ya wale aliowaua. Kwa hiyo mauaji ya watu kwa sehemu kubwa yalitoka kwa wanyama wachache, baadhi yao waliojeruhiwa na wawindaji, na dawa yake ilikuwa kumtafuta mhusika. Malipo ya kichwa hayakuuliza mhusika ni yupi. Ngozi ya mnyama aliyekuwa maili hamsini kutoka kijiji chochote ililipiwa sawa na nyingine.

Wengi watarudi kwenye idadi ya watu: hata bila malipo ya kichwa, watasema, jembe lingemmaliza. Sensa za India zenyewe zinaleta mgogoro katika hoja hii. Kati ya mwaka 1911 na 1921, kwa sababu ya njaa na hasa homa ya mafua ya 1918, idadi ya watu wa India ilipungua kidogo badala ya kuongezeka, lakini mauaji ya chui milia hayakusimama. Upande wa pili, kati ya mwaka 2006 na 2022 nchi iliongeza mamia ya mamilioni ya watu hadi kupita bilioni 1.4, na chui milia waliongezeka pia, kutoka wastani wa 1,411 hadi 3,682. Baadhi ya ongezeko hilo linatokana na kupekua maeneo mengi zaidi kwa kamera nyingi zaidi, na wanaolisifu bila kusema hivyo wanalikuza. Lakini mwelekeo umethibitika katika hifadhi zilizopekuliwa kwa njia ileile mwaka hadi mwaka. Angalia pia Laos, yenye watu wasiofika 40 kwa kilomita ya mraba, ilhali India ina zaidi ya 400. Laos imempoteza chui milia, India inaye. Na misitu yenyewe, ukiuliza ilikatwa na nani, jibu halianzii kwa mkulima mdogo. Sheria za misitu za 1865 na 1878 ziliwafungia wanavijiji maeneo makubwa ili idara ya misitu ipate magogo ya miti ya sal na mtiki kwa ajili ya mataruma ya reli, na misitu ya Assam na ya milima ya kusini ikafyekwa kwa mashamba ya chai na kahawa.

India haikuwa peke yake. Katika Asia ya Kati chui milia aliishi kwenye matete na vichaka vya kando ya mito ya Amu Darya na Syr Darya, akila nguruwe mwitu na kulungu. Jeshi la Urusi lilitumika kuwawinda wanyama wakali, kisha serikali ya Kisovyeti ikageuza maji ya mito hiyo kuwa ya pamba, na matete yakaisha pamoja na nguruwe wake. Kwa muda wa kizazi kimoja baada ya Vita vya Pili vya Dunia mnyama huyo alitoweka; mmoja wa mwisho kujulikana aliuawa mashariki ya Uturuki mwaka 1970. Uchina, mwaka 1959, ilimtangaza chui milia wa kusini kuwa mnyama mharibifu na kuhimiza umma umwue. Inakadiriwa walikuwa 4,000 katika miaka ya 1950. Uchunguzi wa porini uliokamilika mwaka 2001 haukumpata hata mmoja. Lakini dola hiyohiyo ya Kisovyeti iliyomaliza chui milia wa Amu Darya ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kupiga marufuku uwindaji wake, mwaka 1947, upande wa Mashariki ya Mbali. Mtafiti Lev Kaplanov alikuwa amewafuata wanyama hao kwa nyayo kwenye theluji na kukuta wamebaki makumi machache tu. Aliuawa na majangili mwaka 1943 kabla hajaiona marufuku aliyoipendekeza. Leo wapo mamia. Ndani ya nchi moja, chini ya chama kimoja, amri moja iliua na nyingine ikaokoa.

Uwezekano huo wa kurudi unatokana na maumbile ya mnyama mwenyewe. Jike huzaa watoto wawili au watatu kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, na katika msitu wenye kulungu wengi eneo la kilomita za mraba 20 hivi humtosha. Chui milia mmoja huhitaji takriban wanyama wakubwa 50 kwa mwaka. Mpe chakula, maji na mahali pa kujificha, mwondolee mtego na risasi, naye ataujaza msitu kwa haraka. India ilifanya hivyo pale ilipoamua. Baada ya mkutano mkuu wa shirika la kimataifa la hifadhi ya mazingira uliofanyika New Delhi mwaka 1969, uwindaji ulipigwa marufuku, sheria ya kulinda wanyamapori ikapitishwa mwaka 1972, na tarehe 1 Aprili 1973, serikali ya Indira Gandhi ilizindua Mradi wa Chui Milia kwa hifadhi tisa, chini ya mkurugenzi Kailash Sankhala. Nepal ilianzisha hifadhi ya Chitwan mwaka huohuo. Mwaka 2022 nchi hiyo ilihesabu chui milia 355, baada ya kuwa na 121 tu miaka kumi na mbili kabla.

Hata hivyo daftari la wokozi lilirudia ugonjwa wa daftari la mauaji: ofisa alihukumiwa kwa namba. Kwa zaidi ya miaka 30 chui milia walihesabiwa kwa nyayo. Askari wa msitu aliweka kioo juu ya unyayo wa mguu wa nyuma, akaufuatisha mzunguko wake kwa kalamu, karatasi ikapelekwa makao makuu, na mtaalamu akasema huyu ni yule na yule ni mwingine. Unyayo wa mnyama mmoja hutofautiana kwenye mchanga mkavu, tope na vumbi, kwa hiyo njia hiyo ilimruhusu kila mkuu wa hifadhi kupata ongezeko alilolihitaji. Wakati huo soko la mifupa lilikuwa limebadilika. Chui milia wa Uchina wamekwisha, watengenezaji wa mvinyo na plasta za mifupa wakatazama ng'ambo ya mipaka, na Agosti 1993 kilo 287 za mifupa zilikamatwa Delhi. Uchina ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka huohuo, lakini njia zilikwisha kufunguka. Mapema mwaka 2005 gazeti la Indian Express lilifichua kwamba katika hifadhi ya Sariska, ambako taarifa za mwaka uliotangulia zilidai wapo zaidi ya 15, hakuna hata mmoja. Panna ilifuata mwaka 2009. Baada ya Sariska kamera za kutega zilichukua nafasi ya kioo na kalamu: zinafungwa mbili mbili, moja kila upande wa njia, zipige mbavu zote, kwa sababu michirizi ya chui milia mmoja haifanani na ya mwingine. Mwanasayansi Ullas Karanth alikuwa ameonyesha njia hiyo katika hifadhi ya Nagarahole tangu miaka ya 1990. Idara ilichelewa kuikubali zaidi ya miaka kumi, na kuchelewa huko kuliigharimu hifadhi mbili.

Sasa msomaji anaweza kunibana: ikiwa serikali ndiyo iliyoua na ndiyo pekee yenye nguvu ya kuokoa, basi na ifunge misitu na kuwatoa watu wote. Historia inakataa. Katika mikoko ya Sundarbans, kisiwa cha Morichjhapi kilikaliwa mwaka 1978 na wakimbizi maskini kutoka Bengal ya mashariki. Mwaka 1979 serikali ya jimbo iliwazingira na kuwaondoa kwa nguvu, ikitaja ulinzi wa msitu. Wengi walipoteza maisha kwa njaa, maradhi na risasi, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Watu wa mikoko hiyo walikuwa na desturi yao kwa chui milia kabla ya idara yoyote. Warina asali wa Kiislamu na wa Kihindu humwomba Bonbibi, bibi wa msitu ambaye masimulizi yao yanasema wazazi wake walitoka Makka, awakinge na Dakshin Ray anayejitokeza kwa sura ya chui milia. Na sharti la Bonbibi ni kuingia msituni kwa haja tu, bila tamaa. Simaanishi kwamba ibada inazuia ujangili. Namaanisha kwamba jamii hizo zilikubali kuishi na hatari ambayo maofisa wa Kampuni hawakuikubali, na kuwageuza maadui wa hifadhi ni kupoteza walinzi. Jopo lililoundwa baada ya Sariska, likiongozwa na Sunita Narain, lilifikia uamuzi wa namna hiyo: wanavijiji wa pembezoni walijua mapema kuliko maofisa kwamba chui milia wameisha, na hakuna aliyewauliza. Sheria ya Haki za Misitu ya 2006 ilijaribu kurekebisha dhuluma hiyo, ingawa utekelezaji wake ndani ya hifadhi za chui milia umekuwa wa kusuasua.

Utafiti uliochapishwa na Yadvendradev Jhala na wenzake katika jarida la Science mwaka 2025 unaongeza jambo linaloigusa hoja yangu kwa pande zote mbili. Wanakadiria kwamba eneo lenye chui milia India limepanuka kwa asilimia 30 katika miongo miwili, na kwamba sehemu kubwa yake mnyama anaishi pamoja na watu wapatao milioni 60. Lakini wanaona pia kwamba ametoweka au hakurudi katika maeneo ya ufukara mkubwa na ya vita vya silaha, ambako kulungu na nguruwe wameliwa hadi wakaisha. Je, basi ni umaskini? Nakubali kwamba njaa humaliza windo, na windo likiisha chui milia hufa bila kupigwa risasi. Lakini maeneo hayo ni yaleyale ambako misitu ilichimbwa madini na kukatwa magogo kwa vibali huku shule na zahanati zikikosekana, na vita vyake vilitokana na hilo. Umaskini wa mahali hapo nao una sahihi ya ofisi chini yake.

Kusini-mashariki ya Asia, hatari ya leo ni waya. Nyaya za breki za pikipiki hukatwa na kufanywa vitanzi, na shirika la WWF mwaka 2020 lilikadiria kwamba vitanzi zaidi ya milioni 12 vimetegwa ndani ya hifadhi za Kambodia, Laos na Vietnam. Chui milia wa mwisho kupigwa picha Kambodia alikuwa wa mwaka 2007, na Laos wa mwaka 2013. Malaysia inakadiriwa kuwa na chini ya 150. Wakati huohuo maelfu wanafugwa katika mashamba ya Uchina, Thailand, Laos na Vietnam, na kila mara hoja huletwa kwamba kuuza mifupa yao kutawaokoa wa porini. Haijatokea hivyo. Bidhaa halali humpa jangili kificho, kwa kuwa hakuna mnunuzi anayeweza kutofautisha mfupa wa banda na wa msitu. Tamaa hiyo imekwisha kufika Afrika: Afrika Kusini, iliyokuwa ikiuza nje mifupa ya simba wa kufugwa, mwaka 2017 iliruhusu mifupa ya simba 800, na wanunuzi wake wakuu walikuwa Asia, ambako ilichukua nafasi ya chui milia. Oktoba 2018 serikali ya Uchina ilitangaza kuruhusu matumizi ya mifupa ya chui milia wa mashamba. Kelele zilipozidi duniani, mwezi uliofuata iliahirisha. Kuahirisha si kufuta, na tamko moja tu linatosha kulirudisha soko.

Hatari nyingine haina sura ya uhalifu. Panna, iliyobaki tupu mwaka 2009, ililetewa chui milia kutoka hifadhi nyingine na sasa ina makumi kadhaa, mafanikio ambayo hayana mfano mwingi duniani. Tarehe 25 Desemba 2024, Waziri Mkuu Narendra Modi aliweka jiwe la msingi la mradi wa kuunganisha mito ya Ken na Betwa, ambao bwawa lake, Daudhan, litajengwa ndani ya hifadhi hiyo na kuzamisha sehemu ya msitu wake. Mradi umepewa mamlaka yake chini ya wizara ya maji, na faida zake zimekwisha kuandikwa: zaidi ya hekta milioni moja za umwagiliaji, megawati 103 za umeme wa maji. Bundelkhand, eneo la mradi huo, ni nchi ya ukame na wakulima wake wanahitaji maji. Anayewalilia chui milia bila kulisema hilo hawatendei haki. Lakini katika hesabu hiyo mnyama amerudi mahali alipokuwa enzi za Kampuni, upande wa gharama, na safari hii hayuko peke yake huko. Vijiji vitakavyozama vimo katika ukurasa uleule, na watu wake wameandamana wakidai fidia na ardhi ya kuhamia kabla maji hayajapanda.